Miguu ya Kabla na Miguu ya Baada

3 Machi

Kwa kitindamimba wangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mimi sijambo, ni mgongo tu na hii miguu. Lakini usijisumbue kuniuliza habari za miguu. Unayo wewe huko, tena mikubwa kuliko niliyozaliwa nayo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza ninachosema. Jana Mama Vitambaa, huyu jirani mwenye duka mbele ya chumba changu cha pasi, alirudi kutoka mjini kwako alikoenda kuchukua mzigo. Hakufika hata nyumbani kwake. Aliingia kwangu na mabegi yake yote, akafunga mlango, akasema, "Mwenzangu, nimekuona umebandikwa ukutani."

Nikacheka. Nikamwambia labda ni mama mwingine. Akasema, "Gauni nimelijua, lile la maua ya njano. Na kovu la pasi nimelijua." Kisha akanionyesha picha kwenye simu yake.

Mwanangu, nilipokuja kwako mwaka jana ulinilaza kwenye kile kitanda chembamba, ukanichoma visindano vyako miguuni na mikononi, ukanichemshia mizizi ambayo hata mbuzi angeikataa. Na ukanipiga picha. Nikakuuliza ni ya nini. Ukasema, "Kumbukumbu ya tiba, Mama, tujue tulikoanzia." Kumbe tulikoanzia ni barabarani! Gauni limepandishwa juu ya magoti, magamba yote ya ugonjwa wangu wa ngozi nje, na juu yake umeandika KABLA kwa herufi nyekundu. Watu wanapita na mifuko yao ya sokoni wananitazama magoti. Umri wangu huu!

Hilo peke yake lilitosha kunitia hasira. Lakini kuna ile picha ya pili, BAADA. Miguu laini, inang'aa, haina gamba hata moja. Wala haina kovu. Mama Vitambaa ananiuliza kama siku hizi unaponya hata makovu ya moto, maana ana shemeji yake aliungua na mafuta.

Kovu lile nililipata siku ulipovuta waya wa pasi ukiwa bado unatambaa. Niliweka mguu wangu ili pasi isikuangukie kichwani. Nawe umelifuta. Ile miguu ni ya nani? Nijibu. Na ukimaliza kusoma hapa, toka nje ukashushe hilo bango.

Mama yako

11 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sisi ni wazima.

Barua nimeipata, na naona umeiandika kwa moto. Naomba unisikilize na mimi. Kwanza, uso wako hauonekani. Hapa hakuna anayekujua. Aliyekujua ni Mama Vitambaa, na huyo angekujua hata gizani, maana kazi yake ni kujua ya watu. Vitambaa anauza kwa kujifurahisha tu.

Pili, nani alikuwa anajikuna mpaka shuka zinaingia damu? Nani alikuwa anavaa soksi ndefu kwenye joto la pasi ili wateja wasimwogope? Marhamu ya hospitali umepaka tangu niko shule. Ulipoondoka kwangu, pale stendi ulinishika mkono ukasema, "Mwanangu, nimelala kama mtoto." Ulisema au hukusema?

Miguu ya BAADA ni ya mke wangu. Picha yako ya mwisho ilitoka na ukungu, na mchapaji alikuwa ananingoja. Miguu ni miguu, Mama. Mtaa mzima huu umejaa picha. Jirani yangu wa dawa za nywele amebandika nywele za mtu ambaye hajawahi kumwona.

Hii tiba ya Kichina sikuiokota njiani. Nilikaa chini ya mwalimu aliyekuwa akinigonga vidole kila nikikosea mahali pa kuchoma. Nikafungua chumba, nikakisafisha, nikakaa. Watu wakachungulia, wakaona sindano, wakaondoka. Lilipowekwa bango ndipo benchi likajaa. Tangu nimefungua sijapata barua yako hata moja ya kuniuliza kazi inaendaje. Leo nimepata, na ni ya matusi.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Hujambo. Mimi sijambo, ukiondoa hasira.

"Miguu ni miguu." Niliposoma maneno hayo pasi ilikuwa juu ya shati la mwalimu mkuu, na kola ikaungua. Nimemwambia aliyeiunguza ni wewe. Kwa hiyo umechukua mguu wa mama ukauungia mguu wa mke? Na mkwe wangu alikubali, au naye ulimwambia ni kumbukumbu ya tiba?

Ndiyo, nilisema nimelala. Sikani. Nililala, na hata sasa ikianza kuwasha nachemsha mizizi yako, naoga, natulia. Lakini nilikuambia nimepona? Magamba yalipungua, yakanyamaza, na baridi ilipoingia yakarudi, kama daktari wa hospitali alivyosema, kwamba yatakuja na kuondoka. Ungeandika hivyo. "Mama huyu alikuwa halali, sasa analala." Mtu aliyewahi kujikuna mpaka alfajiri akisoma hivyo atashuka garini arudi kukusoma mara ya pili. Kwa nini ukweli haukukutosha, wakati ulikuwa mzuri?

Sasa nisikilize, hapa sitanii. Mama Vitambaa ana binti, yule mwembamba. Ana magamba kichwani kama haya yangu, na marhamu ya hospitali ilikuwa inamsaidia. Mama yake alipoona BAADA yako ameitupa ile marhamu jalalani. Anasema ya nini kupaka mafuta wakati kuna tiba inayoondoa mpaka kovu, anangoja shule zifungwe amlete kwako. Nimemwambia miguu ile si yangu. Amenijibu kwamba nina choyo, kwamba nataka nimfaidi mwanangu peke yangu! Mtoto sasa kichwa kimejaa vidonda, anajifunga kitambaa, shule haendi. Nikimsalimia anatazama chini.

Huyo hayuko kwenye mtaa wako wa picha. Yuko mbele ya mlango wangu. Shusha bango.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole na baridi, nasikia huko ni kali.

Habari za yule binti zimeniumiza. Mwambie mama yake amrudishe hospitali leo hii. Mimi sijawahi kumwambia mtu atupe dawa yake, kamwulize yeyote aliyekalia benchi langu. Watu wakisoma yasiyoandikwa, mimi nifanyeje?

Bango nitalishusha, lakini nipe mwezi huu. Kuna wakaguzi wanakuja kuhusu kibali cha chumba cha pili, na nataka wakute watu wamejaa. Wakishaondoka tu, linashuka. Nimempa dereva wa basi mfuko wa mizizi yako, nimeongeza na ile ya kutuliza muwasho.

Mwanao

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya?

Dereva amenirudishia mfuko haujafunguliwa, fundo langu lilelile. Simu hupokei. Kama miguu imekuzidi, niambie. Kama ni hasira, basi nitukane, nimezoea. Mke wangu naye hanisemeshi tangu alipojua kwamba unajua. Nimezungukwa na wanawake walionuna, na kila mmoja ananidai miguu yake.

Wakaguzi wameahirisha. Vumilia kidogo.

Mwanao

6 Mei

Mama,

Shikamoo, kwa sababu ni wajibu wangu.

Umefika mpaka mlangoni pangu! Nilikuwa ndani, mtu amelala kifudifudi na sindano zimejaa mgongoni, siwezi kumwacha. Nikasikia sauti yako nje, nikadhani nimechoka. Nilipotoka benchi lilikuwa karibu tupu na msaidizi wangu analia.

Amenieleza kila kitu. Kwamba ulipanga foleni kama mgonjwa. Kwamba ilipokaribia zamu yako ulivua viatu, ukapandisha gauni, ukasimama chini ya bango ukasema, "Hii ndiyo yenyewe. Guseni, haiambukizi. Kovu hili hapa. Ile mingine ni ya mkwe wangu, hajaugua ngozi tangu azaliwe." Kisha ukavaa viatu ukaenda stendi.

Hukunywa hata maji kwangu, Mama. Ungeingia ndani ukanizaba makofi, ningekushukuru. Mgeni hawezi kunifanyia ulilonifanyia. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ya nyumbani yanasemwa nyumbani.

Bango nimelichana kwa mikono yangu. Haya, furahi.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na meno yake. Hujambo?

Sijafurahi. Nimekaa kwenye basi kutwa nzima, kwenda na kurudi, na miguu imevimba hata viatu haviingii. Unasema nimekuaibisha mbele za watu. Mimi nilisimama pale kitambo kidogo, kwa hiari yangu. Wewe ulinisimamisha pale usiku na mchana, mvua na jua. Ya nyumbani husemwa nyumbani, kweli kabisa, lakini uliyeyatoa nje ni wewe, mimi niliyafuata. Na sikuingia ndani kwa sababu ningeiona sura yako ningelia. Sikupanda basi kwenda kulia.

Binti wa Mama Vitambaa amerudi hospitali, baada ya mimi kumlilia mama yake mlangoni. Daktari amewagombeza. Nywele upande mmoja hazijulikani kama zitaota. Hilo nataka ulale nalo.

Bado nina hasira. Mizizi usinitumie. Nikipoa nitakuja mwenyewe nipange foleni, na simu yako utaiacha nje.

Sasa jambo la mwisho. Msaidizi wako amekuhesabia walioondoka. Waliobaki hukumwuliza. Wale walioondoka, waache, walikuja kutafuta miguu ya mke wako. Lakini alibaki fundi umeme mmoja, viganja vimempasuka mpaka hawezi kukunja vidole. Alichuchumaa akayatazama magamba yangu kwa karibu. Akauliza, "Yalikuwa mengi kuliko haya?" Nikamwambia mengi sana. Akauliza kama sindano zinauma. Nikamwambia kidogo, ni kama kufinywa na mtoto.

Akanitazama nilivyokuwa nimekasirika, akauliza, "Sasa mama, huyo mwanao kazi anaijua?"

Nikamwambia anaijua. Nikamwambia asingekuwa anaijua, nisingepanda basi.

Akarudi kwenye benchi, akakaa.

Mama yako