Baiskeli Ndefu ya Papa Mukwe

Kadutu, Bukavu
Tarehe 28 mwezi wa saba, 1957

Mupendwa shemeji Donatien,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku Kadutu mpaka kwenu Elisabethville. Mukoje? Constance na watoto wanalala salama? Ile baridi ya huko imepungua? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Mutoto wetu Noëlla ametoa meno mawili na anauma kila mutu anayemubeba.

Maman yenu Madeleine anakula kidogo kidogo. Dada yako Adélaïde analia akitwanga, analia akifua. Nilimuambia apumzike, akanijibu kwamba machozi hayamuzuii kazi.

Shemeji, telegramu ilikuambia tu kwamba papa yenu amekufa. Haikukuambia sababu, na mimi ndiye niliyeiandika. Sasa nakuandikia yote. Adélaïde hajui.

Unajua muzee alivyokuwa anatembea kwa miguu toka Kavumu, kufundisha katekisimu kwenye shapeli zote za milimani. Nikasema nimununulie kinga, baiskeli nzuri ya safari ndefu. Dukani muuzaji akaniuliza urefu wa mwenye kuipanda, sababu kadre, kile chuma chenye kubeba kiti na magurudumu, iko ndogo na iko kubwa. Akaniambia nimulete mwenyewe, ama nilete kamba ya urefu wa muguu wake, toka kinena mpaka kisigino.

Eh! Mukwe gani atainama katikati ya miguu ya papa mukwe na kamba mukononi? Wewe mutoto wake ungeweza, lakini uko mbali. Kumuuliza maman mukwe, hiyo ni haya kupita zote. Basi nikamupima kwa kichwa changu. Mimi nilizoea kumuona siku ya Mungu, amesimama juu ya ngazi ya altare, na kanzu yake mpaka chini. Kwangu mimi alikuwa mutu murefu sana. Nikachagua kadre kubwa. Tena, niseme kweli, ile ndogo niliona haina heshima.

Siku ya kumupa, Kavumu yote ilikuja, wamama wakapiga vigelegele. Muzee akapanda kwanza jiwe la mlangoni ndipo akafika kwenye kiti. Pedali alizifikia kwa vidole tu. Niliona, shemeji. Niliona kwa macho yangu! Ningesema, "Papa, niirudishe, nikuletee ndogo." Nikaona haya mbele ya watu. Naye hakuweza kukataa zawadi ya mukwe. Akasema aksanti, akaniombea baraka.

Kwa wiki tatu alikuwa anatafuta jiwe kila pahali, la kupandia na la kushukia. Tarehe 9, Lucien wa shapeli alikuwa nyuma yake kwa miguu, ndiye aliyenieleza. Muzee alikuwa anateremuka mutoni, mbuzi zikakata njia kwenye daraja. Akafunga breki, akasimama, akatafuta chini kwa muguu, asipate. Akaanguka pamoja na kinga juu ya mawe ya muto.

Alikaa hospitali siku mbili. Ndugu zake walizunguka kitanda, wakamuuliza kinga ilikuwa na kasoro gani. Akawaambia, "Kinga iko muzuri. Ni mvua, njia iliteleza." Mvua! Mwezi wa saba, na vumbi linatuingia mpaka machoni! Wakasema ni homa ndiyo inaongea. Lakini alikuwa ananiangalia mimi, na macho yake yalikuwa ya mutu mwenye akili yake yote. Katekista ule, aliyetufundisha sisi wote tusiseme uongo, alisema uongo kwa ajili yangu. Kesho yake asubuhi akatuacha.

Nimeungama kwa padri, lakini moyo haujatulia. Siku ya kumaliza kilio, tarehe 18 mwezi wa nane, nataka kusema kweli mbele ya Maman Madeleine na Adélaïde. Pengine watanifukuza. Wewe ndiye mukubwa wa nyumba sasa, na sitaki usikie kwa mutu mwingine. Nijibu kabla ya siku ile, hata kama ni kwa matusi.

Nisalimie Constance na watoto wote, kila mumoja kwa jina lake. Mungu awalinde huko muliko, na amupokee muzee wetu kwake.

Naandika "shemeji yako" mbele ya jina langu kama nilivyoandika miaka yote, mpaka uniambie niache.

Wako akupendaye,
shemeji yako Aloys