Mama Anangoja Dawa Yako

Butembo, tarehe 14 Mei 2001

Mpendwa yaya Siméon, kaka yangu mkubwa,

Nisamehe. Barua yako ilifika kabla ya Noeli, na mimi mdogo wako najibu sasa. Njia ya mpakani Kasindi ilikuwa imefungwa, ni kweli, mais si hiyo tu. Niliona haya.

Habari ya baridi ya huko Ubelgiji? Unakula vizuri? Sisi bado tuko, Mungu asifiwe. Ornella wangu ameota meno mawili, hanipi usingizi. Juzi askari walichukua mbuzi wa majirani. Kwetu hawakukuta kitu, donc walitusalimia tu.

Yaya, ni juu ya Mama. Barua yako niliisoma mbele ya wote, kama tunavyosoma barua ya mtoto wa mbali: majirani ndani, watoto dirishani. Nikafika pale unapoeleza kazi yenu ya maabara, kwamba mnafunga dawa ya kansa ndani ya kimfuko cha mafuta, kidogo hata jicho halikioni, kinatembea katika damu kimefungwa, kinafunguka tu kikikuta uchachu wa uvimbe. Hawakuelewa. Nikawaambia: ni kama mama anayepeleka chumvi Kasugho. Ameifunga vizuri ndani ya kitenge chake, anapita bariyeri zote za askari bila kufungua, anafungua tu mbele ya jiko lake.

Wakapiga makofi. Mama akalia kwa furaha. Na mstari uliofuata, ule unaosema mngali mnajaribu kwa panya na bado miaka mingi, niliuruka. Sikuweza, yaya, na wale watu wote wanacheka.

Mwezi wa kwanza muganga wa hospitali alimpiga Mama sindano ya dawa ya kawaida, kwa ule uvimbe wa titi. Nywele zikatoka, akatapika siku tatu. Uvimbe ulipungua, muganga aliupima mwenyewe. Mais sindano ya pili Mama akakataa: "Hii inachoma mwili muzima. Mie nangoja ya mwanangu, ile inajua kupita bariyeri." Sasa uvimbe umekua tena.

Wiki iliyopita nilimwambia ukweli wote, hata habari ya panya. Akanitazama.

"Ah bon! Panya ya Bazungu iko inapona, na mie mama ya fundi nangoja? We uko nanidanganya juu umechoka kuniogesha."

Iliniuma, kwa sababu kuchoka nimechoka kweli.

Wewe atakuamini. Muganga anasema nafasi ipo bado, sindano zikianza tena kabla ya Julai. Usimbembeleze. Usiseme "karibu", usiseme "labda". Kazi yenu ni nzuri, naiombea, itawafaa batoto betu. Yeye anahitaji ile inayochoma.

Baba mdogo Josaphat anakusalimu, na dada Katungu pamoja na watoto wake wa Masereka. Mungu aichunge mikono yako kazini.

Vitu tunavyohitaji, mpe Paulin mfanyabiashara, yuko huko mpaka mwisho wa mwezi, atapitia Kampala: dawa ya kawaida, chupa sita, jina liko kwenye karatasi ya muganga niliyotia humu, vidonge vya kuzuia kutapika, glavu, boksi moja, kitambaa cha kichwa, kisiwe cheusi, hataki, na kaseti moja, sauti yako, kwa Kinande: "Mama, yangu haiko tayari. Kubali sindano." Hayo tu. Usiongeze neno.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikukaripia,

Kavugho