Mmea Uliobaki kwa Virgil

Cygnet, Tasmania
14 Machi 2022

Mdogo wangu Nadine,

Huu ni mwaka wa thelathini tangu niondoke vilimani, na barua yako ya Krismasi imenikuta mzima. Magoti yananigomea kwenye ngazi, mengine yanafanya kazi. Wewe je, kifua kimepona? Huku tunachuma tufaha. Bado wananiita kupandikiza vikonyo kwenye miti michanga, kwa kuwa vijana wana mikono mizuri ila hawana subira.

Unauliza habari za Shangazi. Bangi imeshakuwa halali kwenu, ungeweza kuliandika jina la mmea waziwazi, lakini naona bado unauita hivyo, na bado hutaki tuuzungumzie kwenye simu. Mazoea yana mizizi. Mimi pia nitamwita Shangazi.

Unasema shina lake limekuwa gumu kama mpini na pingili unazomkata zinachelewa kutoa mizizi. Hilo ni la kawaida. Mmea mama hauwekwi miaka yote kwenye chungu kimoja. Chagua chipukizi la juu lenye afya, likate chini ya kifundo, lioteshe. Likishika, huyo ndiye Shangazi, na yule wa zamani umtoe. Atakuwa ni yuleyule ambaye marehemu mke wangu Corinne alimwotesha kwa mbegu mwaka 1979. Amehama mwili mara nyingi.

Taa ziwake saa kumi na nane kwa siku. Giza likirefuka atadhani ni vuli, atoe maua, na mama mwenye maua hakupi pingili za maana. Mbolea kidogo tu. Ukimnenepesha, pingili zake zitaoza. Mpunguze majani ya ndani apate hewa. Na kama desturi, nakala moja iwe kwa jirani.

Kaka yako,
Emmett


Ettersburg, California
20 Aprili 2022

Kaka Emmett,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru. Mto umepungua na barabara imekauka, kwa hiyo wageni wameanza, na Marlys wa ng'ambo ya mto ameanza tena kuja kula kwangu kila Jumatano.

Nimefanya ulivyosema, lakini mambo si mazuri. Pingili chache ndizo zilizoshika. Hizo nazo matawi yanalala ubavu badala ya kupanda juu, majani madogo, ukiligusa tawi linavunjika kama biskuti. Shangazi mwenyewe ukimtazama hana neno. Marlys alisimama mlangoni akaniambia, "Huyo ana njaa."

"Mwenye njaa ni wewe," nikamwambia. "Nusu ya mkate umekwisha na sijaketi."

Lakini alipomaliza kutafuna akasema wake nao wameanza kulala ubavu. Tukapeleka majani na mizizi maabara mjini. Majibu yamerudi jana. Ni ugonjwa, kitu kidogo kuliko kirusi, kinakaa ndani ya utomvu. Mmea mama unaweza kukibeba miaka bila kuonyesha, watoto wake ndio wanaodumaa. Kinaambukizwa kwa mkasi.

Nikawaambia sisi tunafuta mikasi kwa spiriti, tangu zamani, kila mtu kilimani. Yule binti wa maabara akanitazama kwa huruma. Spiriti haikiui, Kaka. Kinachokiua ni dawa ya kung'arishia nguo. Ndiyo hiyo ninayofulia mashuka, iko chini ya sinki miaka yote.

Unakumbuka msimu wa kukata pingili tunavyozunguka kusaidiana, kila mtu na mkasi wake mfukoni. Ndivyo tulivyofanya hadi mwaka jana. Niambie kama kuna dawa.

Mdogo wako,
Nadine


Cygnet
9 Mei 2022

Mdogo wangu Nadine,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu kifua.

Dawa ya kumwagilia au kunyunyiza haipo. Waulize maabara kama wanaweza kumkuza upya ndani ya chupa kutoka kwenye ncha kabisa ya chipukizi, mahali ambapo ugonjwa huchelewa kufika. Wakishindwa, mchome. Chungu, udongo, kamba, glavu, vyote. Osha chumba mara mbili.

Kabla ya hayo waambie wote uliowapa pingili. Najua itakuwa aibu. Waambie wewe mwenyewe, mlango kwa mlango, wasije wakasikia dukani.

Kisha kaa ufikiri: nani ana Shangazi ambaye mkasi wake haujakutana na mikasi yenu? Mimi nimemfikiria mmoja. Nadhani wewe pia.

Kaka yako,
Emmett


Ettersburg
18 Juni 2022

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimechoka.

Maabara walijaribu ncha tatu kwenye chupa. Zote zimekufa. Nimepita mlango kwa mlango kama ulivyosema. Nyumba zote zilizokuwa na Shangazi zimepima, zote anaumwa, zote wamechoma. Marlys hakusema nami wiki nzima, Jumatano iliyofuata akaja na mkate wake mwenyewe. Kwangu chumba ni cheupe, kinanuka kama hospitali.

Basi nikaenda kwa Virgil Stroud.

Mara ya mwisho nilipokanyaga pale ni kabla helikopta za polisi hazijaja. Wewe ndiye uliyempa pingili, masika ya mwaka ule wa mwisho, mkiwa bado mnacheka pamoja. Kisha polisi wakaja moja kwa moja hadi kwenye shamba letu kama walioonyeshwa kwa kidole, wewe ukapita msituni usiku ukaenda zako, na watu wakasema ni Virgil aliyesema. Tangu hapo hakuna wa kilimani aliyevuka lango lake. Hakuna aliyemkatia wala aliyemwazima kitu. Nilikuwa nikiendesha nawaza: chuki yetu ndiyo iliyomkinga.

Nilisimama nje ya lango, sikutaka kuingia na nguo zangu. Ana miaka themanini na mitatu, amekonda, sauti ni ileile.

"Nani?"

"Nadine."

"Nadine yupi?"

"Virgil, unanijua."

"Nilimjua mmoja. Alikuwa akiniona dukani anaruka hadi upande wa pili kama mbuzi."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Shangazi.

"Mke wangu alipokufa hukuja," akasema. "Kwa Shangazi umekuja."

Akaingia ndani, akarudi amekibeba chungu kifuani, akakiinua nikione kutoka pale langoni. Kaka, majani kama viganja vya mtu. Matawi yamesimama. Nilikuwa nimesahau anavyotakiwa kuwa.

"Mkasi wangu haujatoka nyumba hii," akasema. "Hakuna aliyeutaka."

Nikamwomba pingili mbili. Akasema, "Aliyenipa ni Emmett. Aje yeye. Miaka thelathini nimetajwa, sijaulizwa. Hata siku moja. Aje asimame hapo uliposimama, aniulize kwa kinywa chake, nimjibu, kisha achukue pingili kumi."

"Nikuulize mimi basi, nimpelekee jibu."

"Wewe siye niliyeambiwa nimemuuza."

Hilo ndilo sharti lake, na nilivyomwona hatatoka hapo. Kesi yako ilifutwa zamani, hakuna anayekutafuta. Njoo. Njoo kabla ya vuli, anakohoa vibaya. Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Nadine


Ettersburg
30 Oktoba 2022

Kaka Emmett,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijapata barua yako. Nimekwenda posta kila wiki, hadi mama wa posta akawa anatikisa kichwa kabla sijafunga mlango wa gari.

Virgil alianguka jikoni mwanzo wa Septemba. Alikaa hospitali, hakurudi. Tumemzika wiki iliyopita. Watu watano, na mmoja alikuwa mchungaji.

Mpwa wake amekuja kutoka Sacramento kuuza ardhi. Nilibadilisha nguo langoni kwake, nikavaa mpya kabisa, na mkasi mpya niliokuwa nimeuloweka kwenye ile dawa ya nguo. Akaniuliza, "Ulikuwa rafiki yake?"

Nikamwambia tulikuwa majirani.

"Chukua unachotaka, mama. Mimi sijui hata vitu hivi vinaliwa au vinavutwa."

Jenereta ilikuwa imekwisha mafuta zamani, taa zimezimika. Vyungu vilibaki dirishani na mwanga wa vuli tu, na jua linavyozama mapema siku hizi. Kina Shangazi wengi wamekauka. Mmoja alikuwa hai, lakini ametoa maua, Kaka, mazito, yameinamisha matawi. Nimepeleka kipande chake maabara. Ni safi. Hana ugonjwa.

Ndiye huyo mmoja tu, duniani kote kwa ninavyojua, na ana maua, nawe uliniandikia kwamba mama mwenye maua hatoi pingili. Nimemweka kwenye kile chumba. Sijamgusa. Niambie nifanye nini, na niambie kama barua ya Juni ilifika.

Nitakuuliza mara moja tu, kwa kuwa hata Virgil hayupo tena wa kukuzuia au kukuita: utakuja?

Mdogo wako,
Nadine


Cygnet
28 Novemba 2022

Mdogo wangu Nadine,

Marahaba. Mimi mzima. Mitufaha imemaliza kuchanua na matunda yana ukubwa wa kunde.

Barua ya Juni ilifika wiki ya kwanza ya Julai. Niliisoma, nikatoa sanduku la safari, nikaliweka sakafuni chumbani. Lilikaa hapo majira yote ya baridi. Nilikuwa nikilizunguka kwenda kitandani na kulizunguka kwenda bafuni, hata nikazoea njia. Kila Jumapili nilikaa nikuandikie na sikuona cha kuandika. Nilitafuta hasira, nikakuta mahali pake tu. Nilitafuta msamaha pia. Nikalifikiria lile swali, nikalitamka kwa sauti jikoni kama nitakavyolitamka langoni, na nikaona kwamba akisema ndiyo au akisema siyo, nitageuka na kurudi jikoni hapahapa. Septemba, kupogoa kulipokwisha, nikaweka nguo za kupogolea ndani ya sanduku, nikalisukuma chini ya kitanda. Kumbe ndizo siku alizoanguka.

Sikujua kuwa mkewe amekufa. Aliwahi kunishonea koti.

Nimekukalisha bure miezi mitano, na yeye pia. Sina cha kuongeza juu ya hilo.

Sasa Shangazi. Usikate tamaa, mmea uliotoa maua unaweza kurudi nyuma, ila polepole. Kata maua makubwa ya juu. Yale madogo ya chini yaache, na majani yote ya chini yaliyo hai yaache, ndiyo yatakayomlisha. Washa taa saa kumi na nane, na mwanzoni usizizime kabisa ukiweza. Maji kidogo, kwa kuwa hana majani ya kuyanywa. Mbolea ya majani, nyepesi. Kisha ngoja. Kwa wiki kadhaa hutaona kitu. Halafu katikati ya maua makavu yatachomoza majani ya ajabu, yamejikunja, yana kidole kimoja, hayana meno. Usiogope na usiyang'oe. Yatafuata ya vidole vitatu, kisha vitano. Hata hapo usikate. Mwache hadi awe na matawi manne marefu kama kiganja chako, ndipo uchukue pingili mbili, si zaidi, na mkasi uliolowekwa.

Zikishika, moja iende kwa Marlys. Mwambie asije na mkasi wake.

Akifa kabla ya hapo, hukukosea popote.

Umeniuliza mara moja na nitakujibu mara moja. Sitarudi.

Kaka yako,
Emmett