Odell na sanduku lake la bastola

Marva, acha unachofanya usome hii. Kaka yangu Odell ameumbuka hapa uwanja wa ndege wa Billings, na bado amenuna.

Si unajua kesho ana mashindano ya shabaha kule Reno? Mkewe alimwambia wiki nzima anunue sanduku la chuma la kusafirishia bastola. Yeye akaleta la plastiki jembamba, lenye kufuli moja katikati. "Linatosha," akasema. Eti linatosha!

Dada wa kaunta akalipokea likiwa limefungwa. Akainua kona kwa vidole viwili, akapenyeza mkono, akaigusa bastola. Akaigusa, Marva! Na kufuli halijafunguliwa!

"Kaka, mkono ukiingia, sanduku halipandi ndege."

Odell akatazama saa. Imebaki saa moja ndege iruke, na duka la masanduku liko mjini.

Nyuma yake kwenye foleni, nani kama si Bi Orpha, yule bibi wa miaka sabini anayemshinda kila mwaka! Ana sanduku la chuma, makufuli mawili, sponji nene, na nafasi tele ndani.

"Lete hiyo bastola, mwanangu. Nitaiandikisha na yangu."

Dada wa kaunta akakagua zote mbili kuhakikisha hazina risasi, akakubali. Bi Orpha akafunga, akatumbukiza funguo kifuani.

Odell akauliza kwa sauti ndogo, "Na kesho nitaipataje?"

"Utaniomba vizuri," bibi akamjibu, "mbele ya washindani wote."