Mchanga Mweupe Ndani ya Paipu

Mpendwa Mutua,

Sina anwani yako. Nimewauliza mafundi bomba wenzako wa hotelini, nao hawajui zaidi ya kwamba kwenu ni Machakos, na Machakos si uwanja wa mpira nikapaza sauti ukasikia. Kwa hiyo naandika hapa hadharani, watu wote wasome, na anayekujua akufikishie. Aibu nimeiweka kando.

Unakumbuka yule mzee Mjerumani alipougua akarudi kwao, akakuachia makasha ya vipande vya ile ndege ndogo ya kurushwa aliyokuwa akijiundia nyuma ya nyumba yake, hapa Diani? Watu walisema umepata wazimu wa bure. Fundi bomba na ndege wapi na wapi! Mimi, mshona mapazia, nilikuja kukuangalizia kitambaa cha mabawa tu, nikakaa miezi minane. Kila baada ya kazi, wewe na ovaroli lako, mimi na sindano yangu, chini ya kile kibanda cha makuti.

Siku ulipoanza kazi ya paipu za mafuta ndipo nilipokupenda, sikufichi. Ulizishika zile paipu nyembamba za alumini kama mtu anayemvisha mtoto bangili. Ukanieleza kwamba mafuta yatatoka kwenye matangi ya mabawani, yashuke yenyewe mpaka kwenye injini, na paipu ikibonyea mahali pamoja tu, injini inazimika angani.

"Hapa hakuna kubahatisha, Mwanasha. Ukiniona nabahatisha, nichape."

Nikakuuliza, ikiruka utafanya nini? Hukufikiri hata kidogo. "Siku ya pili yake naenda Munje kwa mzee wako. Mambo ya dini tutakaa chini tuongee. Lakini siwezi kwenda kabla. Nataka nifike kama mtu aliyemaliza kitu."

Basi ukaniomba mchanga laini, mkavu, uujaze ndani ya paipu ili zisibonyee unapozikunja. Kwenu mnatumia mchanga wa mtoni. Mimi nikashuka ufuoni na ndoo, nikakuletea ule mweupe kama unga, nimejaa fahari. Mwashi yeyote wa Ukunda angetuambia. Nani huku asiyejua kwamba ukuta wa mchanga wa bahari hutoka jasho na kumeguka? Hata mimi najua, nimezaliwa Munje. Lakini siku hiyo akili yangu haikuwa kwenye mchanga. Ukakunja, ukamwaga, ukasuuza, ukafunga kila kiungo. Wiki kadhaa baadaye tulipofungua chujio tukakuta unga mweupe. Chumvi ilikuwa imekwisha kuzila paipu kwa ndani.

Nililia. Wewe ukacheka, ukaanza kuzifungua moja moja. "Sasa unalia nini? Si tutaanza tena tu. Kwani una haraka?"

Sikuwa na haraka. Wallahi moyoni nilifurahi, maana kuanza tena kulikuwa jioni nyingine nyingi pamoja nawe.

Laiti tungekuwa na haraka. Agosti ikaja na zile vurugu, na karatasi za kuwaambia watu wa bara warudi kwao. Nyumba za majirani zako zikachomwa. Alasiri moja ukaja hapa kwa kaka yangu, ninakokaa, na begi begani. Ulipiga hodi mara tatu, kama nilivyokufundisha kwamba ndiyo ada yetu: mtu asipojibiwa ya tatu, huondoka. Ukasema, "Mwanasha, lori linatoka sasa." Ukangoja kidogo, kisha nikasikia viatu vyako vikienda.

Nilikuwa ndani, Mutua. Nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni. Kaka yangu alikuwa ameketi sebuleni amenikazia macho, naye alikuwa ameshaapa kwamba atakayemfungulia mtu wa bara asimwite kaka tena. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo, na ningekuwa nalo nisingelitumia.

Kibanda hakikuguswa. Mwaka uliofuata nilichukua paipu mpya zilizobaki kwenye kasha, nikaagiza mchanga wa mto Ramisi, nikakunja kwa kufuata alama za penseli ulizoziacha ubavuni mwa ndege. Mbili niliziharibu, ya tatu ikakubali, na nyingine zikafuata. Fundi wa kiwanja cha ndege alikuja akazikagua, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesomea kwako. Tulipofungulia mafuta nilipitisha kidole kwenye kila kiungo, vyote vikavu, nikageuka nikuonyeshe kwa kusahau kwamba hupo.

Nimempata rubani, yuko tayari kuirusha ndege yetu. Nimemwomba asubiri, kwa sababu siku ya pili yake ni siku yako ya kwenda Munje, nami siwezi kuiona ikipita hivi hivi. Nina hamu nawe mpaka mikono inauma. Kama una hasira nami, niandikie hasira hiyo, nitaisoma yote.

Pokea kwaheri ambayo sikukupa mlangoni, na salamu nyingi juu yake. Ila nijibu jambo moja. Wamekuja watu kuniposa mara mbili, watu wa maana, na mara zote mbili nimemwambia baba kwamba nina mtu.

Mutua, ninaye?

Mchumba wako, kama bado unanijua kwa jina hilo,
Mwanasha