Rangi ya Kijivu kwa Shamba la Shangazi

Jumatatu, 9 Februari 1976
Malengo ya mpango wa ardhi wa nchi nzima yamekamilika kuandikwa. Yako saba! Bwana Oloya, mkuu wetu, anasoma, mimi napiga taipu: udongo mzuri ulindwe, mji usimeze mashamba, mwananchi asihamishwe bila kuulizwa. Hapo akaenda kufunga mlango. Malengo ya kunong'onezana – mpango gani huo?

Jumatano, 11 Februari
Kapteni mmoja wa jeshi amekuja. Hakuketi. Akaweka kidole kwenye ramani, bonde la mashariki, kijani kitupu cha kilimo. "Hapa weka nyekundu. Hii nakuwa ya jeshi."
Chini ya kidole kile ipo migomba ya Shangazi Kulusum, na nyumba yake. Bwana Oloya akasema taratibu kwamba malengo yanakataza. Kapteni akacheka. Ramani anaitaka Jumatatu.

Alhamisi, 12 Februari
Bwana Oloya hakuja kazini. Mkewe, Anena, amepiga simu akilia: wamemchukua asubuhi, hata chai hajamaliza. Nimemwambia pole. Pole! Ndiyo yote niliyokuwa nayo.

Jumamosi, 14 Februari
Nimembembeleza Shangazi ahamie kwangu. Hataki. Eti tangu amri ya mwaka jana ardhi ni ya serikali, sawa, lakini migomba aliipanda yeye. Na marehemu mumewe, aliyezikwa pale nyuma ya nyumba, amwachie nani?
Nimerudi na wazo. Ofisini kwetu kuna desturi ya tangu enzi za Wazungu: penye makaburi hapapangiwi kitu. Watu huku huzikana shambani, basi ramani zimejaa vidoa vya kijivu, na kila mpima ardhi huvizunguka. Shangazi ana kaburi moja. Nani atakwenda kuhesabu?

Jumapili, 15 Februari
Ofisi tupu. Nimefuta kijani, nimepaka kijivu shamba zima, nikaandika MAKABURI. Nimeanza kwa bismillahi – kwa uongo! Mungu anisamehe.

Jumatatu, 16 Februari
Kapteni ameitazama ile kijivu muda mrefu. Akauliza nani anakaa hapo. Nikajibu haraka, ili aamini: hakuna mtu, afande, ni wafu tu.
Ameamini.
"Nyekundu wacha," akasema. "Kumbe makaburi iko karibu hivi na nyinyi nanyamaza? Sisi nachoma petroli bure, napeleka mizigo mbali." Lori moja linakwenda leo leo. Na mimi niwaonyeshe njia.
Mizigo! Najua mizigo gani: maiti. Bwana Oloya hajarudi, siku ya tano. Huenda naye yumo.
Nikasema labda kuna bibi mmoja hupita kuchuma majani. Akanikatiza: "Si umesema hakuna mtu? Tukikuta mtu huko, huyo si mtu."
Saa tisa. Shangazi saa hizi yuko shambani, anapalilia. Hana simu. Mlangoni amesimama askari, nimemwambia namalizia kuandika vipimo. Lori linapiga honi. Nikiwapoteza njia wataniuliza, nikiwafikisha –
Askari ananiita.