Shuka Jeupe Juu ya Amplifaya

Mama Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili saa nane mchana watu kumi na mmoja wanakuja sebuleni kwangu kusikiliza chombo ambacho hata sijakifungua, na mimi ndiye niliyewaalika, au tuseme mdomo wangu ndio uliowaalika.

Mimi ni fundi magari, nina mke na watoto wawili, na hapa mjini wananiita Sikio, si kwa sababu masikio yangu ni makubwa, ingawa ni makubwa kweli, bali kwa sababu mteja akileta gari linalogonga sifungui kitu kwanza, naweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nafumba macho, halafu namwambia ni pampu ya maji, na ikifunguliwa ni pampu ya maji. Sijisifu, nataka tu uelewe kwamba sikio ndilo jina langu na ndilo linalonilisha, na mtu wa namna hiyo hawezi kusikiliza muziki hivi hivi tu.

Basi mwaka jana shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alihamia nyumba ndogo akatuachia amplifaya yake ya zamani na spika mbili za mbao zinazofika kiunoni, vitu vya maana, nilivibeba mwenyewe mgongo ukalia. Ila hakutuachia kitu cha kupeleka muziki humo ndani, hakuna deki wala nini, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mfuko wangu ni wa fundi, si wa waziri, kwa hiyo nilitaka kuchagua mara moja na nisikosee. Mke wangu akasema tuchomeke simu yake. Nikacheka. Nikajiunga na kundi la wasapu la wapenda sauti safi, na huko kiongozi wetu, tunayemwita Mwenyekiti, akatufundisha kwamba kupitisha muziki kwa bluetooth ni kuukamua kama nguo, kinachobaki ni makunyanzi. Kompyuta ya zamani ina feni, na mwenye sikio ataisikia feni hata ngoma zikilia. Deki ya mtumba lenzi yake huwa imechoka. Kisanduku cha kuvuta nyimbo mtandaoni kinataka intaneti, na ya kwetu huja ikipenda. Halafu kuna kibadilishi, kile kidude kinachopokea muziki wa simu au kompyuta ukiwa bado tarakimu tupu na kuugeuza uwe sauti ya kuingia kwenye amplifaya, nacho kina aina mia, na kila aina ina watu wake ambao hawasalimiani na wale wengine.

Nikanunua daftari, nikachora safu. Mama Mshauri, miezi tisa! Miezi tisa amplifaya haikupiga hata wimbo mmoja, kwa sababu sikutaka sauti yake ya kwanza nyumbani kwangu iwe mbovu, na ili isiingie vumbi nikaifunika pamoja na spika zake kwa shuka jeupe, watoto wakaanza kuiita Marehemu. "Baba, mpira umeingia nyuma ya Marehemu." Mama mkwe alipokuja kututembelea alisimama mlangoni, akalitazama shuka, akavua viatu taratibu, akaninong'oneza, "Poleni sana, baba. Ndugu wote wameshaarifiwa?" Mke wangu akakimbilia jikoni na nikasikia sufuria inaanguka.

Mke wangu ni mkunga, Jumamosi zamu yake huisha saa sita mchana. Katika miezi hiyo aliniuliza mara kadhaa, "Tutasikiliza lini?" nami namjibu, "Bado nachunguza." Baadaye akaacha kuuliza, nikashukuru kwamba ameelewa.

Mwishowe nikaagiza kibadilishi alichokipendekeza Mwenyekiti. Jumamosi iliyopita nikapigiwa simu gereji kwamba kifurushi kimefika na mke wangu amekipokea, nikafunga kazi mapema, na kufika getini nasikia muziki! Nikaingia mbio. Spika zilikuwa wazi, shuka limerundikwa juu ya amplifaya na vilivyo kando yake, na mke wangu amesimama katikati ya sebule, bado ana sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, macho kayafumba, basi nikamwomba asogee, kwa sababu alikuwa kati yangu na spika ya kushoto, na mwili wa mtu unameza sauti za juu. Akasogea. Nikakaa, nikafumba macho, na machozi yakanitoka, haki ya nani. Nikasema, "Sikia hewa hiyo! Sikia nafasi kati ya gitaa na ngoma! Mpiga ngoma kakaa nyuma kushoto, na nadhani amevaa kofia!" Nikachukua simu nikawarekodia kundi dakika nne za maelezo, nikawaambia kibadilishi changu kimefukua vitu ambavyo deki ya kawaida haiwezi kuvitoa hata ukiipigia magoti, njooni Jumapili ijayo mjionee.

Ndipo binti yetu wa miaka sita akatoka chumbani akasema, "Mama, deki yetu ya katuni mtaturudishia saa ngapi?" Akavuta shuka.

Ilikuwa deki ya watoto. Ile ambayo trei yake haifungi mpaka uisukume kwa kijiko, na kijiko kilikuwa pale pale. Na kwa kuwa ina mguu mmoja uliopotea, chini yake, ili isiyumbe, palikuwa na kifurushi changu, hakijafunguliwa, gundi haijaguswa. Ndani ya deki mlikuwa na diski ya bendi iliyopiga kwenye harusi yetu, imejaa mikwaruzo, mke wangu huiweka kwenye sanduku la nguo zake.

Hakucheka. Angecheka ningepumua. Alizima, akaitoa diski, akairudisha sandukuni, akaenda kupiga pasi, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu ni "chumvi iko hapo" na "mlango umefunga?" Naona wazi kwamba alinitegea mtego anidhalilishe mimi na sikio langu. Kundi linakuja, Mwenyekiti amesema analeta kiti chake mwenyewe. Je, nichague kibadilishi, simu, kompyuta au deki? Niwaambie ukweli au nifungue kifurushi nijifanye? Na mke aliyenitendea hivi nimfanyeje? Nakuomba sana usinitaje, jina langu ndilo linalonilisha.

Ni mimi, Sikio.

*

Wewe Sikio,

Unaniomba nisikutaje, halafu unaweka sahihi! Na hata ungeificha, mafundi wenye bisibisi sikioni, mke mkunga na Marehemu sebuleni wako wangapi mjini? Haya, barua imeshasomwa redioni, vumilia.

Kwanza pole, na nasema kwa moyo. Niliwahi kumsifia jirani yangu maua yake saa nzima, nikamwomba na mbegu, kumbe ya plastiki. Aibu ya namna hiyo haiui, ingawa kwa siku tatu unatamani iue.

Tuanze na vyombo, maana ndivyo vyepesi. Nilimpa barua yako fundi mitambo wetu hapa redioni, bwana ambaye hacheki ovyo. Alicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi alisema sikio lako ni zima kabisa. Ulilia kwa sababu ilikuwa inapiga vizuri. Anasema kazi kubwa inafanywa na spika na amplifaya, ambavyo umepewa bure, na deki inayosoma diski bila kuruka, ikiwa na waya mzima, inatosha. Tofauti iliyobaki, anasema, ni ndogo kuliko mngurumo wa friji yenu. Vuta spika ziachane na ukuta kidogo, utapata zaidi kuliko yote yaliyomo kwenye daftari lako.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta ile simu ya zamani iliyolala kwenye droo, kila nyumba inayo. Ijaze nyimbo, nunua waya wenye kichwa kimoja huku na viwili kule, chomeka nyuma ya amplifaya, basi. Simu ikae hapo hapo, hiyo ndiyo kazi yake mpya. Waya tu, bluetooth waachie wengine kama Mwenyekiti amekutia hofu. Kwa diski zenu tafuta deki ya mtumba, ila nenda dukani na diski yako mwenyewe na uisikilize mpaka mwisho kabla hujatoa hela. Deki ya katuni ni ya watoto. Waombe wakuazime mpaka Jumapili, waombe kweli, halafu irudi kwao. Kibadilishi mrudishie muuzaji maadamu gundi iko salama, kwani tangu kifike kazi yake imekuwa kushikilia deki isiyumbe, na kazi hiyo kipande cha ubao kinaiweza. Daftari wape watoto wachoree.

Kundi je? Nilitaka kukuambia uwapokee mlangoni na ukweli wako mkononi. Lakini mtu anakuja na kiti chake! Hapana, huyo mwache akae, na usihofu kwamba wametusikia, wapenda sauti safi hawasikilizi redio yetu yenye mikwaruzo. Funika deki kwa shuka lile lile, waache wafumbe macho, waisifie hewa, waitafute na kofia ya mpiga ngoma. Wakishamaliza, mwite binti yako aombe deki yake. Na wewe uwe wa kwanza kujicheka, tena kwa sauti, kabla hujamcheka mtu. Baada ya hapo shuka lirudi kitandani, na mama mkwe apigiwe simu aambiwe hakuna msiba. Wateja wako usiwahofie. Gari likigonga watakuja, na pampu ya maji haivai kofia.

Sasa sogea karibu nikugombeze.

Mtego gani, wewe? Anayetega mtego hujibanza pembeni akutazame unaswe. Huyu alikuwa katikati ya sebule amefumba macho. Alikuwa ametoka kuzalisha wake za watu tangu alfajiri, hakuwahi hata kuvua kiatu cha pili. Kifurushi chako hakukifungua kwa kuwa ni chako. Alichukua deki ya wanawe, akatoa diski ya harusi yenu kwenye sanduku la nguo zake, kwa sababu alikuwa amechoka kungoja. Miezi tisa, bwana! Unamwambia mkunga angoje miezi tisa, na mwisho wake hakuna kinachotoka!

Alikuwa anacheza, Sikio. Kiatu mkononi, sare mwilini, alikuwa anacheza muziki wa harusi yenu, na wewe mumewe ukaingia mbio ukamwambia asogee.

Unasikia pampu ya maji ndani ya chuma kizima, lakini mkeo alikuuliza mara kadhaa, "Tutasikiliza lini?" na hukusikia kwamba alisema tutasikiliza. Alimaanisha ninyi wawili. Alipoacha kuuliza hukujiuliza kwa nini, ukashukuru. Mimi nimesoma hapo nikakasirika mpaka nikaweka barua chini. Usiniulize tena kwa nini hakucheka.

Kwa hiyo usingoje Jumapili. Zamu yake Jumamosi inaisha saa sita, wewe funga gereji saa tano. Oga, harufu ya grisi iishe. Funua spika. Kwenye sanduku lake usitie mkono, mwombe yeye mwenyewe akupe ile diski, na kabla hajaitoa mwambie, "Nilikosea kukuambia usogee." Maneno hayo tu, na ole wako uongeze habari za sauti za juu. Kisha tia diski, sukuma trei kwa kijiko, na usikae kitini kama siku ile. Akisimama kati yako na spika ya kushoto, mfuate pale pale aliposimama. Hujui kucheza? Yumba tu, atakushika.